Mkono wa Pampu

Pale sheli, barabara ya Newala ukishaipita Kitangari, mafuta yaliweza kukosekana lakini maneno ya Mama Nuria hayakukosekana. Jina lake Zabibu, ila hilo lilibaki kwenye kitambulisho. Tangu asubuhi alisimama kwenye pampu, fulana ya kazi imempauka mabegani, akimtania kila aliyesimamisha tairi mbele yake.

Aliyemtania zaidi hakununua hata tone. Mwalimu Humphrey, mtu wa Bukoba aliyefundisha sekondari ya jirani, alikuwa amepandisha kutoka Masasi kigari cheupe cha umeme, mtumba. Kilikuja bila mlio, kama paka aliyeiba dagaa, na kilipita pale kujaza upepo tu.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo tena upepo? Siku utakayonunua mafuta nachinja kuku."

"Marahaba. Mfuge tu huyo kuku, atakufa kwa uzee." Akatoa kichupa cha kutakasia mikono, akajipaka mpaka viwikoni, na wala hakuwa amegusa kitu. "Unadhani nimeikimbia bei ya mafuta? Nimeukimbia huo mkono wa pampu. Aliyetoka chooni anaushika, aliyepenga kamasi anaushika. Mimi nachomeka waya wangu kwangu, nalala zangu."

"Na mke wako je, anakupikia kwa mikono au kwa waya?"

Bodaboda waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na Mwalimu naye akacheka, kichupa mkononi.

Lakini hakuwa amesema uongo. Sheli nyingine mhudumu peke yake ndiye anayeshika mkono wa pampu. Hapa bodaboda walikuwa na desturi yao ya kukamua. Zabibu akishazima, dereva anaupokea mkono, anaunyanyua mpira mpaka juu ya bega na kuutikisatikisa, ili tone lililolala humo ndani limwangukie kwenye tangi lake. Ukimnyima, kesho Newala nzima itaambiwa sheli yenu inaiba.

Dumu la kunawia lilikuwepo, kavu. Huku juu mlimani maji hupanda kwa taabu kuliko watu, na yakifika yana wenyewe: sufuria, mgonjwa, mbuzi. Wahudumu walikuwa na dawa yao. Kifuniko kimoja cha petroli kiganjani, sugua, futa kwa tambara. Khalfan, mwenzake wa zamu, ndiye aliyemfundisha siku ya kwanza.

"Petroli inaua kunguni," alimwambia. "Itashindwa na kijidudu usichokiona?"

Zabibu aliamini. Ilikuwa inawasha, na kitu kinachowasha vile, aliwaza, hakiachi kitu hai.

Nyumbani, Nuria alikuwa ndiyo kwanza anajua kutembea. Mama yake akitokea tu, mtoto anapepesuka mpaka mlangoni, anakidaka kidole chake na kukitia mdomoni kabla mkoba haujatua chini.

"Mtoto wako huyu anatembelea petroli," alisema mama mkwe wake, Bi Zena.

"Ndiyo maana ana mbio, mama."

Kipindupindu kilipoingia, gari la matangazo lilipita: chemsheni maji, naweni kwa sabuni, mgonjwa apelekwe kambi ya matibabu Newala. Zabibu alisikiliza akatii kwa namna yake. Badala ya kifuniko kimoja cha petroli, akawa anatumia viwili.

Adhuhuri moja alikuja Sharifu wa bodaboda, midomo myeupe, macho yameingia ndani. Alizunguka nyuma ya sheli, akakawia, akarudi anafunga mkanda.

"Sharifu, mbona umekuwa kama muhogo uliosahaulika juani?"

"Tumbo tu, dada. Jaza."

Alipojaziwa akaupokea mkono wa pampu, akaukamua kwa mikono yake yote miwili. Zabibu akaupokea kutoka kwake na kuutundika. Jioni habari ilimkuta mlangoni kwake: Sharifu amebebwa hajiwezi, yuko kambini. Wakati anaambiwa, kidole chake kilikuwa tayari mdomoni mwa Nuria.

Alikichomoa kwa nguvu hata mtoto akalia. Nimenawa, alijiambia. Na kweli alikuwa amenawa.

Kesho yake Nuria alicheza. Asubuhi iliyofuata alianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Bi Zena alimkorogea maji ya chumvi na sukari, yakaingia, yakatoka. Kufikia saa nne mtoto alikuwa analia bila machozi, kisha hakulia.

Zabibu alikimbia naye mpaka sheli. Bodaboda walikuwepo, wale wale wa kila siku, matangi yamejaa. Waliiona kanga aliyomfungia mtoto ikichuruzika.

"Dada, nisamehe, na mimi nina watoto," alisema mmoja, akapiga kiki. Wengine wakageuza pikipiki.

Kigari cheupe kilikuwa kwenye mashine ya upepo. Mwalimu Humphrey alimtazama mtoto, akaitazama kanga, akavitazama viti vyake. Mkono ukaenda kwenye kichupa. Zabibu, mtu wa maneno, akamwinulia mtoto tu.

Mwalimu akakiacha kichupa, akafungua mlango.

"Ingia, mama. Ingia haraka."

Waliondoka, na gari halikutoa sauti. Zabibu alisikia kila kitu: mchanga chini ya matairi, Mwalimu akimeza mate, pumzi ya Nuria ikipanda na kushuka kifuani pake. Gari lolote jingine lingemfichia kwa mngurumo wake. Kabla ya nyumba za kwanza za Newala aliisikia pumzi ikikawia, ikarudi, ikakawia tena. Alingoja, haikurudi.

"Mwalimu," alisema, "punguza mwendo tu."

Kambini, nesi Claudia alimkalisha na kumuuliza kazi yake, na jinsi anavyonawa akitoka kazini. Zabibu akamweleza ya kile kifuniko.

"Petroli si sabuni, mdogo wangu," alisema nesi. Alisema taratibu, na ndiyo ikauma zaidi.

Baada ya matanga alirudi sheli. Siku ya kwanza alibeba kichwani ndoo ya maji kutoka kwake, akaiweka kando ya pampu, na kipande cha sabuni juu ya tofali. Hakumtania mtu. Bodaboda walijaza wakaondoka, macho chini.

Kisha akaja Sharifu. Kambi ilimrudisha, amekonda, lakini na meno yake yote nje.

"Mama Nuria! Mie huyu, hata kaburi limenikataa! Jaza, dada."

Akamjazia, akazima. Sharifu akanyoosha mkono kama siku zote. Zabibu akauweka mkono wa pampu nyuma ya mgongo wake.

"Hakuna kukamua."

"Ala! Kwani siku hizi mnaiba?"

"Tunaiba," alisema Zabibu. "Nawa."

Sharifu akacheka, akatazama huku na huku amtafute wa kucheka naye, asimpate. Akachutama kwenye ndoo. Zabibu alichota maji kwa kopo akammiminia, akamkabidhi sabuni, na alipotaka kusimama akamwambia arudie.