Chumba Kilichonukia Mnanaa

Fundi cherehani alisita mlangoni pa darasa walimokutana watu wanaoacha pombe. Akimkuta mteja wake humo, atauweka wapi uso?

Dada yake akamsukuma kwa kiwiko. "Ingia, mdogo wangu. Nimechoka kukuokota mitaroni."

Hakuwa ameonja hata tone tangu jana, lakini kwa mazoea alibugia pipi za mnanaa ndipo akaingia. Chumba kizima kilinukia mnanaa. Kila shavu lilikuwa limetuna.

Mama mmoja aliyemshonea gauni juzi tu akamvutia kiti. "Karibu, fundi. Nawe umekuja na pipi? Zitafune kwa raha zako, hapa hatunusani."

Wote wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Mabega yakamlegea kwa nafuu. Akaketi, akaanza kusimulia yake na pombe.