Nafasi ya Goodness Pale Moshi

Wakubwa wa reli walipoifunga stesheni ndogo ya Mikongeni, Filemon alibaki stesheni masta asiye na stesheni. Hakuachishwa kazi. Kanuni iliwalinda waliotangulia kuajiriwa: stesheni yako ikifungwa, una haki ya kuchukua nafasi ya mwenzako yeyote wa cheo chako aliyeingia kazini baada yako, popote alipo. Huyo mwenzako ndiye atakayehama, aende palipobaki wazi.

Karibu maisha yake yote ya kazi Filemon alikuwa ameishi huko chini tambarare, kwenye joto na mkonge. Mkewe Margareta alibaki Kilema, mlimani juu ya Moshi, na migomba, ng'ombe, na watoto ambao sasa walikwisha kwenda zao. Aliposikia habari za Mikongeni alimpigia simu.

"Chukua Moshi," alisema. "Nimekungoja vya kutosha."

Lakini Moshi alikuwapo Goodness. Filemon ndiye aliyemfundisha kazi msichana huyo alipoanza, na alijua kwamba anamtunza mama yake, Elinipendo, aliyepooza upande mmoja, katika chumba cha kupanga Majengo, hapo mjini. Alilijua hilo vizuri. Hata hivyo aliomba Moshi, na akapewa.

Siku ya kukabidhiana ofisi, Goodness alimwonyesha funguo, bendera na taa, kimoja kimoja, kama vile hawajawahi kuonana.

"Wanakupeleka wapi?" Filemon aliuliza.

"Njoro Kavu. Ndiyo iliyobaki."

Njoro Kavu ni stesheni ya porini ambako treni hupishana. Hakuna duka wala zahanati.

"Na mama?"

"Jirani atamwangalia." Akavaa mkoba begani. "Ni haki yako, baba. Kanuni ni kanuni."

Tangu hapo walizungumza kwa simu kila treni ilipotaka kupita, maana Moshi haiwezi kuachia treni mpaka Njoro Kavu ikubali. Goodness alisema yaliyohitajika tu. Njia iko wazi. Treni imefika. Kisha simu ilikatwa. Filemon alikaa ameshika mkono wa simu, akisikia mlio wake, huku dirishani mlima umejifunika mawingu. Wafanyakazi wenzake walimsalimia vizuri, lakini wakati wa chai walikwenda kunywea nje. Kwao Goodness alikuwa mtoto wa pale.

Nyumbani nako hakukuwa kama alivyokuwa akikuota. Margareta alikuwa amezoea kula mapema, kuamka mapema, kuzungumza na ng'ombe wake. Filemon alipokata mkungu wa ndizi ili amsaidie, mkewe aliacha alichokuwa akifanya, akautazama.

"Nimekosea?"

"Huo nilikuwa nimeuacha kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa jirani Basili," alijibu. "Lakini wewe ungejuaje?"

Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Filemon zaidi.

Siku moja Goodness alichelewa kujibu simu. Alipojibu sauti yake ilikuwa imekauka. Mama yake alikuwa ameanguka chumbani, na jirani hakuwapo. Siku iliyofuata Filemon alimwendea Yakobo, msimamizi wao, akamwambia anataka kurudi tambarare ili Goodness arudi Moshi.

Yakobo alimtazama kwa huruma. "Ukiondoka, nafasi hii haiendi kwa Goodness. Inatangazwa, na anayeipata ni aliyetangulia kazini kati ya waombaji. Davis amemtangulia Goodness, na ameoa Bomang'ombe, hapo jirani. Anaisubiri Moshi kama mvua."

"Nimwombe Davis aniachie?"

"Mwombe."

Filemon alimwomba. Davis alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mzee Filemon, mbona wewe hukuacha ulipokuwa na nafasi ya kuacha?"

Filemon hakumwambia Margareta habari hizo, ila Margareta alizisikia kwa watu, na kwa siku kadhaa alimwandalia chakula bila kukaa naye.

Mwishowe Goodness aliamua mwenyewe. Angemchukua mama yake wakaishi Njoro Kavu, kwenye nyumba ya stesheni. Alikuja Moshi siku ya treni ya abiria, akamleta Elinipendo kwa bajaji pamoja na godoro, majiko na ndoo. Filemon alitoka ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alimkagua tangu kofia hadi viatu. "Ndiwe uliyemhamisha mwanangu?"

"Ndimi."

Goodness aligeuka akajifanya anafunga godoro.

"Basi nishike huku," Elinipendo alisema. "Mguu huu hauna kazi."

Filemon alimbeba hadi ndani ya behewa. Alikuwa mwepesi mno. Alimkalisha dirishani, upande wa kutazama mlima, akampachikia khanga mgongoni. Bibi hakutazama mlima. Alikuwa akimtazama binti yake akipandisha ndoo. Filemon alishuka, akaomba njia kwa msaidizi aliyekuwa zamu Njoro Kavu, akapewa, akainua bendera ya kijani. Goodness alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa. Macho yao yalikutana mara moja, naye akaingia ndani.

Mwenzake wa zamu alipofika, Filemon alipanda basi la Kilema. Jua lilikuwa bado halijazama. Margareta alikuwa jikoni akimenya ndizi za supu ya mtori.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

Margareta aliendelea kumenya. Baadaye alisogea kidogo kwenye benchi, akamwekea kisu cha pili upande wake. Filemon alikaa, akachukua ndizi. Walimenya pamoja, kila mmoja na yake, mpaka sufuria ikajaa.