Dakika Tatu za Shukrani

Kutoka kwenye kiti nilichokichagua mpaka kwenye kipaza sauti zilikuwa hatua thelathini na moja, pamoja na ngazi saba za kuteremka. Nilizihesabu mara mbili, Jumatano saa nne asubuhi. Ukumbi ule wa wazi ulikuwa mtupu, safu zake za mawe zimelizunguka jukwaa nusu duara, juu hakuna paa ila mbingu. Mfagiaji aliyekuwa akikusanya majani aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nimepewa nafasi ya kuzungumza kwenye tamasha la Jumamosi, sitaki kujikwaa mbele za watu. Akanionyesha jiwe jeupe katikati ya jukwaa. Ukisimama hapo, alisema, hata unong'one, wa safu ya juu kabisa anakusikia.

"Vizuri," nikamjibu. "Nataka wasikie wote."

Tamasha lilikuwa la kumuenzi mwalimu wetu wa muziki. Tulimwita Rula, kwa sababu alihesabia mapigo kwa rula ya mbao: juu ya meza ukiimba vizuri, juu ya vidole ukikosea. Mimi hakunipiga kwa rula. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimechaguliwa kuimba peke yangu mbele ya kwaya ya shule. Mchana mmoja, katika chumba cha kinanda, nilichelewa kuingia ubeti wa pili. Akanizaba kofi la sikio la kushoto. Nikasikia mlio mwembamba, mrefu, kama birika linalochemka nyumba ya pili. Mlio ule ulidumu siku tatu, kisha ukakatika, na upande ule wa dunia ukafungwa.

Alinirudisha nyumbani mwenyewe, mkono wake begani kwangu. Akamwambia mama nimepatwa na homa ghafla darasani. Mama alimshukuru, akamkaribisha chai. Nami nilinyamaza, maana mkono ulikuwa bado begani. Hata sikio lilipokufa, nyumbani kwetu lilihesabiwa kuwa limeuawa na homa.

Nimekuwa fundi makochi. Mteja akiniita kutoka kushoto nageukia kulia. Anacheka, nami nacheka. Nimecheka hivyo kwa miaka thelathini.

Habari za tamasha zililetwa na dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Nafasi yangu ya kuimba ilikwenda kwake wiki ile ile niliyougua, na tangu hapo hakushuka jukwaani. Sasa anafundisha kuimba. Yeye ndiye aliyenipendekeza niseme maneno ya shukrani kwa niaba ya wanafunzi wa zamani.

"Dakika tatu tu, mdogo wangu. Wewe mdomo unao."

Nilikubali haraka mpaka akanitazama mara mbili. Tukaitandaza ramani ya viti juu ya meza yake. Yeye alitafuta kivuli kwa ajili ya mama. Mimi nilitafuta mahali ambapo ningeuona uso wa Rula. Tukapanga kofia, maji, saa ya kutoka, nani aendeshe gari. Mawe yale ni magumu, akasema, mama atahitaji mto. Nikamshonea, na kila nilipovuta uzi niliongeza neno kwenye hotuba yangu. Ningetaja chumba, ningetaja siku, ningetaja mkono uliotumika. Wiki ile nilimwombea Rula afya njema kuliko nilivyopata kumwombea mtu yeyote. Niliogopa asije akafa kabla ya Jumamosi.

Hakufa. Saa kumi alasiri alikuwa safu ya mbele, amekuwa mdogo kama nguo iliyofuliwa vibaya, shali magotini. Nilipoitwa, niliteremka ngazi zangu saba, nikasimama juu ya jiwe jeupe.

"Mwalimu huyu," nikasema, "ndiye mtu wa mwisho niliyemsikia kwa sikio langu la kushoto."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sifa. Walidhani nimebuni namna mpya ya kusema kwamba sauti yake haijanitoka. Wengine walisimama. Mama, juu ya mto wake, alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

Rula peke yake ndiye aliyeelewa. Mikono yake ilibaki juu ya shali. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kote kumejaa watu wanaomtabasamia.

Nilikuwa na dakika mbili na nusu zimebaki. Nikamtazama mama, nikaikumbuka chai ile, na nikaona kwamba neno linalofuata lingempiga yeye kwanza. Basi nikasema tu, "Sijamsahau hata siku moja," nikamwinamia Rula, nikarudi kwenye kiti changu. Makofi yakaanza upya. Mimi alinipa moja. Yeye siku ile alipewa mamia, na kila moja alijua ni la nini. Nakiri, nilifurahi.

Dada aliimba mwisho. Sijui kama aliimba vizuri. Nilikuwa nikimwangalia Rula.

Baadaye, kwenye maegesho, mama alikwisha kuingia garini na kupandisha kioo. Dada alisimama karibu nami, maua aliyopewa yamemjaa mikononi.

"Nilikuwa mlangoni," akasema.

Sikumwelewa.

"Siku ile, chumba cha kinanda. Niliona." Alikuwa akizungumza na maua. "Nilijua ukiondoka wewe, atanichukua mimi."

Maneno yote ambayo sikuyasema jukwaani yalikuwa bado mdomoni mwangu, yamepangwa vizuri, na watu walikuwa wakitupita wakinipongeza.

Dada akaniuliza, kwa sauti ya chini, nani ataendesha. Nikampa funguo, nikaenda kukaa nyuma.