Ndege ya Viti Viwili na Mizani ya Chumbani

Sokoni walimwita Bwana Gramu, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Akitokea tu buchani na mkoba wake wa mawe ya kupimia, wauza nyama waliokuwa wakicheka walinyamaza, na wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa hospitalini. Mizani ikikosea hata kidogo aliibandika karatasi nyekundu ya kuifungia. Ukilia mbele yake alikupa leso ufute machozi, kisha akabandika.

Basi mtu huyo akataka kununua ndege.

Msicheke. Leseni ya urubani alikuwa nayo, aliisotea miaka mingi kwa ndege za kukodi. Na sababu haikuwa majivuno, au tuseme haikuwa majivuno peke yake. Zamani akiwa anamchumbia mkewe alimwahidi kwamba siku moja atampandisha angani, wakae bega kwa bega, waitazame dunia iliyo chini yao. Ahadi za uchumba mnazijua wenyewe. Mkewe, fundi cherehani, alicheka akaolewa. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakahama, na kila ndege ilipopita juu ya paa mume aliinua kichwa na kusema, "Mama, sijasahau." Mpaka siku moja fundi akatoa pini mdomoni.

"Haya, baba. Tafuta ndege yako mwenyewe, uikague kama unavyokagua mizani za watu, nitapanda. Lakini ukinivunja moyo safari hii, neno ndege lisisikike tena humu ndani mpaka nizikwe."

Mzee akajifunga kibwebwe. Ndege mpya bei zake ni za kuulizia tu, kwa hiyo akaingia kwenye za mtumba. Ya kwanza ilikuwa na viti viwili kweli, lakini kimoja mbele na kingine nyuma. "Nimemwahidi bega, nimpe kisogo?" akasema, akaondoka. Ya pili bei yake ilikuwa ya kirafiki mno. Alipofungua kifuniko cha injini akaelewa urafiki umetoka wapi, maana mwenyewe, muuza rangi, alikuwa amepaka rangi mpya mpaka juu ya kutu.

Ya tatu ilikuwa inauzwa na mwalimu wa urubani pale uwanja wa ndege, mama mmoja mwembamba asiyependa porojo. Ilikuwa ndogo, mabawa ya kitambaa, viti ubavu kwa ubavu, injini yenye afya inayokunywa petroli ileile ya magari. Bwana Gramu aliigonga, akainusa, akalala chini ya tumbo lake na suruali yake nzuri. Moyo ukamwenda mbio kama kijana.

"Ina sharti moja," mwalimu akasema. "Ni nyepesi, haitaki uzito. Wewe na mkeo mna kilo ngapi? Panda pale kwenye mizani ya mizigo nikuone."

Bwana Gramu aliitazama mizani ile kama mtu aliyekuta mende kwenye chai. "Ina muhuri wa ukaguzi?"

"Haina."

"Basi mimi sipandi. Kilo zangu nazijua, napima kila asubuhi chumbani. Na za mke wangu nazijua." Akazitaja kwa sauti ya hakimu.

Mwalimu akamkagua kwa macho, akaanzia tumboni, akaishia tumboni. "Una hakika?"

"Dada yangu, unajua unamuuliza nani?"

Loo! Sasa hapo nani angebisha? Na hakuishia hapo. Siku ya pili alirudi na mkoba wake, akaifungua mizani ya uwanja, akairekebisha, akaipiga muhuri bila kuomba hata soda. "Hii sasa," akasema, "haimdanganyi mtu." Mizani ya chumbani kwake hakuwahi kuikagua. Sheria inahusu mizani za biashara, na chumbani kwao hapakuuzwa kitu.

Gari likauzwa, ndege ikanunuliwa. Siku ya kuruka, fundi alifunga duka, akavaa suruali aliyojishonea kwa ajili ya upepo, akabeba kikapu cha mayai ya kuchemsha. Alikuwa anaogopa mpaka vidole vinatetemeka, lakini alikuja.

"Kwanza kila mtu apande mizani," mwalimu akasema.

Fundi akapanda. Mshale ukapita kilo zilizotajwa, ukaendelea kidogo. "Mama, umebeba nini?" mumewe akanong'ona. Kisha akapanda yeye. Mshale ukafika pake, ukapita, ukaenda zake, ukasimama mbali kabisa.

Mwalimu akapiga hesabu kichwani. "Mkipanda nyote wawili, petroli mtakayoweza kubeba inatosha kuwasha injini na kuagana. Peke yako unaweza kwenda, mzee."

Bwana Gramu akafungua mdomo aseme mizani ni mbovu. Macho yake yakatua kwenye muhuri. Ulikuwa wake. Watu wawili, na wote wamezidi, mzito amezidi kuliko mwepesi: ni dalili ya mizani iliyochezewa, na kosa la namna hiyo alikuwa amelikamata mara nyingi kwenye mabucha. Akageuka polepole kumtazama mkewe, na mkewe alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umeweka nini kwenye mizani ya chumbani?"

"Vitambaa," fundi akasema. "Chini ya bati la kukanyagia. Nimevikunja vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mwaka daktari alipokusema kwa unene. Ukawa unapima kila asubuhi, unakuja mezani umenuna, husemi na mtu. Chai inapoa na mimi napoa. Nikaona heri mizani idanganye, nikurudishe mume wangu. Basi kila suruali ikikubana, naachia mshono, na kwenye mizani naongeza kitambaa."

Miaka yote hiyo! Mkaguzi aliyefunga mabucha ya watu alikuwa anavishwa kilemba cha ukoka kila asubuhi akiwa na taulo kiunoni. Alitaka kukasirika, na haki alikuwa nayo. Lakini alivitazama vidole vya mkewe kwenye mkono wa kikapu, akaona bado vinatetemeka, na akajua akimrudisha nyumbani hivi, ndege imekwisha.

"Mwalimu," akasema. "Hebu panda wewe."

Mwalimu akapanda. Mshale ulijivuta kivivu, ukasimama mapema.

"Mchukue mama. Kaa kwenye kiti changu."

"Baba..."

"Nenda, mama. Mimi nitakushikia mkoba."

Ndege aliyoichagua kwa mikono yake ikakimbia, ikapaa, ikawa ndogo machoni. Bwana Gramu alibaki uwanjani na mkoba wa kike begani na kikapu cha mayai mkononi, anapunga. Aliumia, tusidanganyane. Hakuna aliyempungia, kwa sababu mkewe alikuwa anatazama dunia.

Walipotua, fundi alishuka kilemba kimeenda upande, analia na kucheka kwa pamoja. "Nimeiona nyumba yetu! Na bati la jikoni lina kutu tele, wewe uliniambia umelipaka rangi!"

"Nilipaka upande unaoonekana," Bwana Gramu akasema.

Mkewe alimcheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatoa futi ya kushonea mkobani, akamzungushia mumewe kiunoni palepale mbele ya mwalimu, akabana kidole mahali mshono wa zamani ulipokuwa kabla hajaanza kuuachia.

"Ukifika hapa, kiti ni chako. Mpaka hapo naruka na mwalimu."

Tumbo la Bwana Gramu likanguruma. Akatoa yai kikapuni, akalitazama, akampa mwalimu. Halafu akashusha macho kwenye futi iliyomzunguka.

"Umeilegeza hiyo," akamwambia mkewe. "Kaza."