Ungo Wenye Magurudumu

Umeme ulikatika Ikupa akiwa amepiga pasi nusu tu ya fulana, akawasha pasi ya mkaa. Wino usipopata joto hutoka mara nguo ikifuliwa, na hizi hazikuwa fulana za kuuza. Zilikuwa sare za msiba wa Osea, aliyekuwa anazikwa mchana huo. Mgongoni zilikuwa na jina lake. Kifuani, nembo ya biashara yao: ungo wenye magurudumu manne.

Nembo hiyo ilitokana na matusi. Osea alipoanza kuteleza kwa ubao wa magurudumu aliouokota kwenye belo la mitumba, akina mama wa sokoni Tunduma walimpigia kelele: "Kachawi haka, kanapaa na ungo mchana kweupe!" Osea alicheka mpaka akakaa chini. Ikupa, ambaye mpaka wakati huo alikuwa anachapa fulana za kwaya na za kampeni, akachora ungo. Kisha akachora bundi, kinyonga, hirizi, vyote ambavyo bibi yake wa kijijini Mbebe alimkataza kuvitaja giza likiingia. Fulana za Ungo zikavaliwa hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mapato yalinunua magurudumu. Mbao washkaji walizikata wenyewe kwenye mapaleti yaliyotupwa na malori.

"Sista, mgambo hao," alisema Asajile, mtelezaji mwenzake Osea, akiwa mlangoni.

Waliingia wawili. Nyuma yao alikuwa Danieli, mtendaji wa kata, ameshavaa koti jeusi la kwenda msibani.

"Kusanyeni zote. Na hizo fremu za kuchapia."

"Mzee, hizi ni za msiba," Ikupa alisema. "Mwili unafika saa nane."

"Msiba mmeuita wenyewe. Unachora nyungo, unachora mabundi, kijana anagongwa na lori, halafu unashangaa?"

"Aligongwa barabarani."

"Nani alimpeleka barabarani?"

Ikupa alimtazama. Alikuwa anauliza kweli, bila aibu. Nyuma ya soko kulikuwa na sakafu ya zege, pana, laini, isiyopitiwa na gari. Vijana waliifagia wenyewe na hapo ndipo walipojifunzia. Danieli aliweka geti na kufuli, akasema eneo la umma si la michezo ya kishirikina. Osea alivaa shati lake la kanisani akaenda ofisini kuomba lifunguliwe. "Nendeni mkapae huko porini," aliambiwa. Hawakwenda porini. Walikwenda kwenye mteremko wa barabara kuu, katikati ya foleni ya malori ya mpakani. Na ile sakafu mpaka leo haina kitu, nyasi tu zinaota kwenye nyufa.

Ikupa alifuata magunia ya fulana mpaka ofisini.

"Nitakuachia mzigo wako," Danieli alisema. "Andika tu hapa kwamba picha hizi ni za kishirikina na ndizo zilizoleta kifo. Watu mtaani watulie."

"Kwani wanasemaje?"

"Wanauliza maswali."

"Ya geti?"

Danieli alikoroga chai yake. "Binti, nakusaidia. Mwenzako ameshakufa, maneno hayamuumi. Andika, ukamzike na sare zako."

Ikupa alishika kalamu. Mama yake Osea, Tabita, alikuwa amemwomba fulana moja ya kulalia. Aliandika jina la Osea, akaona jinsi lilivyokaa juu ya karatasi ile, akaiweka kalamu chini.

"Hapana."

"Basi zikeni hivyohivyo."

Nyumbani kwenye msiba, Tabita alikuwa mkekani kati ya wanawake. Alitazama mikono mitupu ya Ikupa.

"Ziko wapi, mwanangu?"

"Wamezichukua, mama. Walitaka niandike kwamba Osea aliuawa na picha zangu."

Tabita alikaza kitenge kiunoni. Wimbo uliokuwa unaimbwa ulipoisha, akasema:

"Wasifu wa marehemu utasoma wewe."

"Lakini mjomba wake ndiye…"

"Nimesema wewe."

Danieli alikaa kiti cha mbele karibu na mchungaji, akisubiri kutoa salamu za serikali. Ikupa alisoma: kuzaliwa kwa Osea, shule, kipaimara, ubao wa magurudumu. Mahali ambapo wengine husema marehemu aliugua ghafla, yeye aliinua macho akaeleza kuhusu sakafu, geti, shati la kanisani na jibu lililotolewa.

"Dada, fupisha, muda hauko upande wetu," alinong'ona mshereheshaji.

"Namalizia, kaka."

Wasifu humalizika kwa maneno yaleyale, na kila mwombolezaji anajua sehemu yake.

"Bwana alitoa," Ikupa alisema.

Watu wakavuta pumzi waitikie. Hakuwapa nafasi.

"Aliyetwaa amekaa kiti cha mbele. Anasubiri kutupa pole."

Kipaza sauti kilizimwa. Danieli alimtazama mchungaji, mchungaji akamtazama Tabita. Naye Tabita, bila kunyanyuka mkekani, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Rudia, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."