Chungu Kilichoruka Haukadalur

Eyvindur wa Haukadalur, bonde la chemchemi za maji moto, hakuwa na mke, hakuwa na farasi wa pili, hakuwa na sauti ya kuimbia kanisani, wala hakuwa na jino la mbele tangu kondoo dume alipompiga kichwa. Lakini siku ile kilichomtesa kilikuwa kimoja tu: hakuwa na neno la kumwandikia Sólveig.

Sólveig, aliyehamia kaskazini kutafuta kazi, alimuuliza waziwazi kwa barua: mwenye duka ananiposa, nimkubalie au una la kusema? Na mtu wa posta alikuwa tayari jikoni, anakunywa kahawa. Hangepita tena mpaka theluji iyeyuke.

"Umeandika?" akauliza Steinunn, shangazi yake.

"Nimeandika tarehe."

"Hongera. Ataolewa na tarehe."

Eyvindur akatoroka, ati anakwenda kufukua mkate. Wenziwe hufukia chungu cha mkate kwenye udongo wa moto, uive kwa joto la ardhi. Yeye, kwa uvivu wa kuchimba, alikuwa amekishindilia kwenye tundu la chemchemi iliyonyamaza tangu enzi za babu yake.

Shangazi akamfuata. "Hapo? We mtoto, umeiziba koo!"

Maji yakachuruzika kidogo ukingoni.

"Kimbia!"

Ardhi ikanguruma. Maji yakapaa juu kuliko mnara wa kanisa, na chungu nacho juu yake, kikaenda kutua kwenye paa la zizi, mkate ndani.

"Si ilikuwa imelala?" Eyvindur akahema.

"Ilale wapi! Maji ya chini yana moto kupita wa kuchemka, ila ya juu yameyakalia, hayapati nafasi ya kuwa mvuke. Yakimwagika kidogo tu, mzigo unapungua, na yote yanalipuka kwa mpigo." Akamtazama kutoka kofia hadi viatu. "Namjua mtu wa namna hiyo. Mwaga kidogo, mwanangu. Neno moja tu."

Eyvindur akarudi mezani, nguo zikichuruzika, akaandika: Usimkubalie.

Kisha yakafuata mengine, ukurasa juu ya ukurasa, hata lile la jino.

"Ndugu yangu," mtu wa posta akalalamika kwenye kikombe cha nne, "unaandika Biblia?"

"Amina," akajibu Eyvindur. Akadondosha nta nyekundu juu ya bahasha, akaigandamiza kwa kidole gumba, akaungua, akacheka. Mtu wa posta akaitia mkobani, akapanda farasi, akashika njia ya kaskazini.