Shimo Nyuma ya Zizi

Mimi Hilaria si mtu wa kufichwa kitu. Blanketi letu jipya lilipopotea sikuuliza, nilianza kuchunguza. Likafuata dumu la maji. Kisha kikapotea kitenge changu cha kwendea kanisani, na hapo damu ikanichemka. Mume anayechukua kitenge cha mkewe anakipeleka wapi, kama si kwa mwanamke mwingine?

Mume wangu Marcelino alirudi kutoka vita vya Kagera mwili mzima, na kijiji chetu cha Nangara kikamshukuru Mungu. Lakini yule aliyerudi sikumwelewa. Kwaya aliiacha. Kanisani alihamia benchi la mwisho, mgongo ukutani. Mnadani haendi. Injini ya lori ikipiga kishindo barabarani, anaangusha bakuli na kujibanza pembeni, jasho linamtiririka. Usiku halali. Siku moja nilimshika bega kwa nyuma, akageuka na ngumi, ikanipata shavuni. Kisha akalia yeye. Nikasema moyoni, huyu ana jambo baya analificha.

Ukaja mwaka themanini na tatu, na msako wa walanguzi. Watu walimwaga sukari mtoni, wakatupa sabuni porini, wakiogopa kukutwa nazo. Wangu ndiyo kwanza kila mchana anashika chepeo, anarudi na udongo kwenye nywele, na mahindi hajapalilia hata mstari mmoja.

"Unachimba nini, Baba Ursula?"

"Choo."

"Choo tunacho!"

"Basi nachimba kingine," akasema, macho mlangoni.

Eti kingine! Nikajua amepata mwanamke mlanguzi na anamfichia mali. Akikutwa nayo atafungwa, na mimi na mtoto tutanyooshewa vidole mji mzima. Nikajiambia bora nimtaje mwenyewe, huenda wakamhurumia. Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira ya kitenge.

Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Heriel, fundi cherehani aliyehamia kutoka Kilimanjaro. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akavaa koti, tukaondoka. Ursula wangu, miaka mitano, alitufuata ingawa nilimfukuza.

Nyuma ya zizi tukaondoa mabua ya mahindi. Chini yake palikuwa na fito zilizofunikwa udongo. Mzee Heriel akazisogeza, nami nikainama kabla yake, nikiwa na hamu ya kuona magunia.

Hapakuwa na sukari wala sabuni. Blanketi letu lilikuwa limetandikwa vizuri. Dumu lilijaa maji, kando yake kopo la unga. Kitenge changu kilikunjwa kama mto wa kulalia. Ukutani palichongwa ngazi ya kufaa miguu mifupi ya mtoto, na juu yake zilipangwa kandambili za Ursula.

Mzee Heriel akakaa chini kwenye udongo.

"Hili ni handaki, Mama Ursula. Mdogo wangu Elimringi alirudi vitani hivihivi. Halali, anashtuka, anapiga watu. Tukasema ni bangi, tukasema ni kiburi. Tukangoja atulie, mpaka tukamzika. Baadaye mganga wa hospitali akaniambia ule ni ugonjwa, na kwamba tungemleta mapema angemsaidia."

Marcelino akatokea na chepeo mkononi. Akamtazama balozi, akanitazama mimi.

"Umenichongea, Mama Ursula."

"Ndiyo," nikasema. Niliona aibu.

Kabla hajajibu, lori likapiga kishindo kwenye barabara ya Dodoma. Akatupa chepeo, akanikumba mimi na mtoto, akatusukuma shimoni na kusimama juu yetu, mikono ameitanua. Mle ndani nilijilaza, Ursula ubavuni, tukaenea sawasawa. Hapakubaki nafasi hata ya kuku.

"Marcelino, wewe utakaa wapi?"

"Mimi nalinda."

"Vita vimeisha, baba."

"Najua. Mwili haujui." Akakaa ukingoni. "Nimechoka, Hilaria. Nimechoka sana."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia hivyo, na mimi sikuwahi kuuliza.

"Kesho twende hospitali," nikasema.

"Watasema nina kichaa."

"Waseme! Mimi nimekusema vibaya zaidi leo."

Asubuhi tulifika mapema, lakini viti vya ukutani vilikuwa vimejaa. Kilibaki kimoja katikati ya chumba. Marcelino akakiangalia, akaanza kurudi mlangoni. Nikakishika kile kiti, nikasimama nyuma yake.

"Kaa. Mgongo nalinda mimi."

Akanitazama, mimi niliyemchongea jana. Kisha akakaa.